Maswali ya Wasomaji: Sultani, Shah na mpaka uliopita katikati ya watu

Katika toleo lililopita tulieleza, kwa aya mbili tu, jinsi Sultani Murad IV wa milki ya Osmani alivyoutwaa mji wa Baghdad kutoka kwa Wasafawi, ukoo uliotawala Uajemi (Iran ya leo), mwezi Desemba 1638. Barua zilizotufikia hapa Goma baada ya hapo zimetuonyesha kwamba aya mbili hazikutosha. Kwa hiyo safu yote ya toleo hili tumewaachia Waosmani na Wasafawi, na tumechagua barua tano ambazo, zikiunganishwa, zinagusa karibu kila jambo mliloliuliza.

Mzee wa Majengo anauliza: Asalamu alaikumu. Mlisema kwamba Sultani na Shah walipigana kwa zaidi ya miaka mia moja, ilhali wote wawili walielekea kibla moja na kusoma Kurani moja. Ninaomba mnieleze bila kuficha: ilikuwa vita ya dini, au dini ilivishwa juu ya tamaa ya ardhi?

Wa alaikumu salamu, Mzee wetu. Tungependa kukupa jibu fupi, lakini watu wa wakati ule hawakuzitenga dini na ardhi kama tunavyozitenga sisi leo, na njia pekee ya kuliona hilo ni kuanzia mwanzo.

Mwaka 1501 kijana wa miaka kama 14, Ismail, aliingia Tabriz, akajitangaza kuwa Shah na kuifanya Shia ya Maimamu 12 kuwa dini ya dola yake. Waliomweka juu ya kiti walikuwa wapiganaji wa makabila ya Kituruki walioitwa Kizilbashi, yaani vichwa vyekundu, kwa sababu ya kofia zao nyekundu. Kwao Ismail hakuwa mfalme tu, bali pia kiongozi wao wa kiroho, na wengi waliomtii waliishi Anatolia, ndani ya nchi ya Sultani, ambako walikusanya nadhiri zao na kuzipeleka Uajemi. Mwaka 1511 baadhi yao waliasi huko huko Anatolia wakiongozwa na mtu aliyeitwa Shahkulu, jina ambalo maana yake ni mtumwa wa Shah, na katika mapigano hayo waziri mkuu wa Osmani aliuawa. Selim I, aliyetwaa kiti cha baba yake mwaka 1512, alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mpaka wa adui yake haukuwa mbali mashariki, bali ulipita katika vijiji vilivyo nyuma ya mgongo wake.

Ndipo wanazuoni wa Kisunni wa Istanbul, mji mkuu wa Sultani, walipotoa fatwa za kuwatangaza Kizilbashi kuwa wametoka katika Uislamu, na Selim akavuka Anatolia na jeshi lake hadi uwanda wa Chaldiran, ambako tarehe 23 Agosti 1514 mizinga na bunduki za Wajanisari, askari wa miguu wa Sultani, ziliwavunja wapanda farasi wa Ismail. Aliingia Tabriz, lakini askari wake wakakataa kukaa huko majira ya baridi, akalazimika kurudi. Kuna jambo moja katika habari hii ambalo hatuwezi kulisoma bila huzuni: Selim aliandika mashairi yake kwa Kiajemi, na Ismail aliandika mengi ya mashairi yake kwa Kituruki. Kila mmoja alikuwa ameimiliki lugha ya nchi ya mwenzake kiasi cha kuitungia beti.

Sasa turudi kwenye swali lako. Laiti vita hivyo vingekuwa vya itikadi pekee, visingeweza kumalizwa kwa mkataba, kwa maana mtu hafanyi mapatano juu ya kufuru. Lakini vilimalizwa, tena zaidi ya mara moja. Katika amani ya Amasya ya tarehe 29 Mei 1555, Sultani Suleiman na Shah Tahmasp waligawana nchi: Iraki pamoja na Baghdad na Basra zikawa za Sultani, Tabriz na Azerbaijan zikabaki kwa Shah, na Armenia na Georgia zikakatwa sehemu mbili. Pamoja na ardhi, waliafikiana pia juu ya mambo ya ibada. Upande wa Shah uliahidi kukomesha desturi ya kuwalaani hadharani makhalifa watatu wa kwanza, na upande wa Sultani ukaahidi kuwaacha mahujaji kutoka Uajemi wapite salama kwenda Makka na Madina, na pia kuzuru miji mitakatifu ya Shia ya Najaf na Karbala, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwake. Karibu miaka 200 baadaye Nadir Shah, aliyetawala Uajemi baada ya Wasafawi, aliwaomba Waosmani waitambue madhehebu ya Jaafari, yaani ya Shia, kuwa ya tano pamoja na zile nne za Sunni. Walikataa kabisa, na bado mwaka 1746 pande mbili zilitia saini amani, suala hilo likiwa limewekwa kando.

Maoni yetu, Mzee, ni kwamba dini ilikuwa ya kweli mioyoni mwa wapiganaji, na wakati huo huo ilikuwa ndiyo lugha ambayo wafalme waliitumia kuuliza swali la kidunia: mtu huyu ni wa nani, na kodi yake inakwenda wapi?

Mama mfanyabiashara wa Birere anauliza: Mimi ninavuka mpaka wa Rwanda kwenye Petite Barrière kila siku na bidhaa zangu. Siku barriere inapofungwa, nyanya zinaniozea mikononi na watoto wanalala bila kula. Je, wafanyabiashara wa zamani hizo waliishije wakati Sultani na Shah walipogombana?

Mama, barua yako imetugusa, kwa sababu vitabu vingi vya vita hivyo hutaja majina ya mapasha na kuwasahau watu wa mizigo. Mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa hariri. Ilifugwa na kusokotwa katika mikoa ya Uajemi iliyo kando ya Bahari ya Kaspi, hasa Gilan, ikabebwa na misafara hadi Bursa na Aleppo, na huko ikanunuliwa na wafumaji wa Osmani na wafanyabiashara wa Italia. Shah alipata fedha kwa kuiuza. Sultani alipata ushuru ilipopita. Kwa maneno mengine, kila mmoja aliulisha mfuko wa adui yake.

Selim alijaribu kuukata uzi huo. Alipiga marufuku biashara ya hariri ya Uajemi, na mali za wafanyabiashara waliokutwa nayo zikakamatwa. Aliyeumia hakuwa Shah peke yake, kwani viwanda vya Bursa vilikosa nyuzi na hazina ya Sultani mwenyewe ikakosa ushuru. Suleiman alipotawazwa mwaka 1520, mojawapo ya mambo yake ya kwanza lilikuwa kuiondoa marufuku hiyo na kuwarudishia haki watu walionyang'anywa. Tunakuomba ulizingatie jambo hilo: mfalme ambaye baadaye angeongoza majeshi mara kadhaa dhidi ya Uajemi alianza utawala wake kwa kuwafungulia njia wachuuzi wa Uajemi.

Hariri iliingia hata ndani ya mikataba. Mwaka 1612, Shah Abbas alipokuwa amekwisha kuzirudisha nchi alizozipoteza mwanzoni mwa utawala wake, amani ilifungwa kwa masharti kwamba mpaka urudi kama ulivyokuwa wakati wa Amasya na kwamba Shah apeleke Istanbul mizigo 200 ya hariri kila mwaka. Mizigo hiyo haikufika ipasavyo, vita vikarudi, na amani ya mwaka 1618 ikaipunguza kuwa 100. Abbas naye alitafuta njia ya kuwakwepa Waosmani kwa kupitisha bidhaa baharini. Mwaka 1622 aliwafukuza Wareno kutoka kisiwa cha Hormuz kwa msaada wa meli za Waingereza. Hata hivyo hariri nyingi iliendelea kupita nchi kavu kwenda Aleppo, kwa sababu wabebaji waliijua njia ile na wanunuzi walikuwa wakiwangoja mwisho wake.

Kuna sura nyingine ya habari hii ambayo haituruhusu kumsifu Abbas kama wanavyomsifu wengi. Mwaka 1604, jeshi la Osmani lilipokaribia, aliamuru nchi ya mpakani kando ya mto Aras iachwe tupu ili adui asipate chakula wala makazi. Mji wa Julfa, mji wa wafanyabiashara wa Kiarmenia waliokuwa mabingwa wa hariri, ulihamishwa wote kwa nguvu na kuharibiwa, na watu wengi walikufa walipovushwa mtoni na katika safari iliyofuata. Walionusurika walipewa makao karibu na Isfahan, mji mkuu wa Shah, mahali palipoitwa Julfa Mpya, na humo wakajenga mtandao wa biashara uliofika India na Ulaya. Wanahistoria hupenda kumalizia na utajiri wa Julfa Mpya. Sisi tunaoandika kutoka mji huu, ambao umepokea wakimbizi kizazi baada ya kizazi, tunadhani hesabu haianzi pale walipotajirika, bali kwenye kingo za Aras.

Mwanafunzi wa Himbi anauliza: Kulikuwa na mabalozi wanaokaa katika mji mkuu wa mwenzake, kama ilivyo leo? Na ni nini kilichomzuia mfalme kumdhuru mjumbe?

Kijana wetu, hawakuwa na balozi mkazi. Mjumbe alitumwa kwa sababu maalumu, kama vile kutawazwa kwa mfalme mpya, ushindi, msiba, au kuomba amani, na alirudi kazi yake ilipokwisha, ingawa mara nyingine alicheleweshwa kwa miezi mingi ili asipeleke habari za maandalizi ya vita. Alilishwa na kulindwa kwa gharama ya mwenyeji tangu alipovuka mpaka. Heshima ya mjumbe ilikuwa heshima ya aliyemtuma, na kila mfalme alijua kwamba kesho angetuma wake.

Zawadi zilikuwa sehemu ya mazungumzo. Mwaka 1568 wajumbe wa Tahmasp walimfikia Selim II mjini Edirne na msafara mrefu wa ngamia, na kati ya vitu walivyobeba kulikuwa na nakala ya Kitabu cha Wafalme cha Firdausi yenye michoro 258, iliyofanyiwa kazi na wachoraji bora wa Uajemi kwa miaka mingi. Hatujui zawadi nyingine ya zama hizo iliyosema waziwazi namna hiyo kwamba mtoaji anataka amani na pia anataka kukumbukwa kuwa yeye ni mfalme.

Jambo gumu zaidi halikuwa zawadi, bali watu waliokimbia. Mwaka 1548 Suleiman aliingia Uajemi akiwa na Alqas, ndugu wa Tahmasp aliyemkimbilia. Miaka 11 baadaye ikawa zamu ya Tahmasp: Bayezid, mtoto wa Suleiman, alishindwa karibu na Konya katika vita dhidi ya ndugu yake Selim, ndiye Selim II wa baadaye, akavuka mpaka pamoja na wanawe. Shah alimpokea kwa heshima mjini Qazvin, kisha barua na wajumbe wakaanza kwenda na kurudi. Husimuliwa kwamba Tahmasp alikuwa ameapa kutomkabidhi kwa watu wa Suleiman, na kwamba aliona kiapo kimetimia alipomkabidhi kwa watu wa Selim. Bayezid na wanawe wanne waliuawa, na Shah akapokea dhahabu nyingi. Amani ya Amasya iliokoka. Mtu anaweza kusema kwamba diplomasia ilifanya kazi yake, lakini mtoto mdogo kabisa kati ya hao wanne hakuwa amegombana na mtu yeyote.

Mwaka 1590, Shah Abbas aliyekuwa bado kijana na dhaifu alipolazimika kukubali amani iliyomnyima hata Tabriz, alimpeleka mpwa wake, Haydar Mirza, Istanbul awe mtu wa dhamana. Ndiyo maana tunasema kwamba katika diplomasia ile mwili wa mtu uliweza kuwa sahihi ya mkataba.

Mwalimu wa historia wa Katindo anauliza: Katika madaftari ya wanafunzi wangu nimekuta sentensi hii: «Mkataba wa Zuhab wa mwaka 1639 ulichora mpaka kati ya Uturuki na Iran, na mpaka huo haujabadilika hadi leo.» Je, niiache au niifute?

Mwalimu, ifute, kisha uwaachie wanafunzi nusu yake. Ni kweli kwamba baada ya Murad IV kuitwaa Baghdad kwa kuizingira siku kama 40, wajumbe wa Shah Safi walikutana na waziri mkuu wa Osmani, Kara Mustafa Pasha, na tarehe 17 Mei 1639 wakafikia mapatano ambayo kwa ujumla wake yaliirudisha hali ya Amasya: Baghdad, Basra na Shahrizor kwa Sultani, Yerevan na Azerbaijan kwa Shah. Ni kweli pia kwamba mikataba mingi iliyofuata iliutaja ule wa 1639 kama msingi wake.

Lakini hakuna aliyechora kitu. Mkataba haukuwa na ramani, wala hakuna aliyepanda mlimani na kamba ya kupimia. Ulikuwa orodha ya majina: ngome hii ni ya huyu, kijiji kile ni cha yule, mlima fulani ubaki huku, ngome kadhaa za mpakani zibomolewe na zisijengwe tena. Na kati ya majina hayo kulikuwa na majina ya watu. Koo fulani za kabila la Kikurdi la Jaf ziliwekwa upande wa Sultani, na nyingine zikaachwa kwa Shah. Mwalimu ataona mara moja ugumu uliokuwamo: ukoo wa wafugaji hupanda milimani wakati wa joto na kushuka bondeni wakati wa baridi, na kwa hiyo mpaka ulitembea kwa miguu pamoja na kondoo.

Mabwana wa Kikurdi wenyewe walikuwa wamekwisha kuizoea hali hiyo. Baada ya Chaldiran, Selim alimtumia mwanazuoni wa Kikurdi, Idris Bitlisi, kuwavuta upande wake, na kwa kubadilishana na utii wao wakaachiwa nchi zao wazirithishe watoto wao. Upande wa pili, maamiri wa Ardalan waliishi chini ya Shah kwa namna inayofanana na hiyo. Amiri aliyekosana na mfalme wake alijua kwamba kuna mfalme mwingine ng'ambo ya mlima. Kwa mtazamo wa Istanbul au Isfahan huo ulikuwa usaliti. Kwa mtazamo wa bonde lenye jeshi kila upande, ilikuwa njia ya kubaki hai.

Kazi ya kuugeuza ukanda huo kuwa mstari ilifanyika baadaye sana, na watu wengine wakaingilia. Mazungumzo ya Erzurum yalichukua karibu miaka minne hadi mkataba wa mwaka 1847, Waingereza na Warusi wakiwa wasuluhishi. Kisha tume ya pande nne ikaanza kupima nchi, na nguzo za mpaka zilisimamishwa mwaka 1914 tu, katika miezi ambayo Vita Kuu ya kwanza ilikuwa inaanza. Hata baada ya hapo kilichosimamishwa hakikubaki vilevile, kwani mwaka 1932 Uturuki na Iran zilibadilishana ardhi karibu na mlima Ararat. Mpaka wetu hapa, kati ya Goma na Gisenyi, ulizaliwa kwa njia iliyo kinyume: mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza waliafikiana Brussels juu ya mstari, na watu ndio waliokuja kuambiwa baadaye kwamba wako upande gani. Ukiwafundisha vijana njia hizo mbili pamoja, Mwalimu, tunaamini watauelewa mwaka 1639 vizuri zaidi kuliko kwa sentensi ile ya daftarini.

Msomaji wa Ndosho anauliza: Amani hiyo ya 1639 ilidumu kweli, au ilikuwa karatasi tu?

Ilidumu zaidi ya miaka 80, hadi dola ya Wasafawi ilipovunjwa na Waafghani walioiteka Isfahan mwaka 1722, ndipo Waosmani wakaingia kuchukua sehemu yao, na mwaka 1724 wakagawana na Warusi mikoa ya magharibi na kaskazini ya Uajemi. Kwa hiyo waliouvunja mwishowe ni Waosmani, na waliovunjiwa hawakuwa tena na nguvu ya kuulinda.

Kabla ya hapo, Wasafawi walipata nafasi nzuri kuliko wakati wowote. Baada ya jeshi la Osmani kushindwa mbele ya Vienna mwaka 1683, wafalme wa Ulaya walituma wajumbe Isfahan kumsihi Shah Sulayman ashambulie kutoka mashariki wakati Sultani ameelemewa magharibi. Baghdad ilikuwa karibu, na Najaf na Karbala zilikuwa nyuma yake. Shah alikataa. Wako wanaosema kwamba alikuwa mvivu na jeshi lake limechakaa, na huenda ni kweli kwa sehemu. Lakini mwanawe, Sultan Husayn, alipewa jaribu kubwa zaidi, na hakuhitaji hata kupigana. Katika miaka ya 1690 makabila ya Waarabu yaliwapokonya Waosmani mji wa Basra, na mwaka 1697 mji huo ukaangukia mikononi mwa watu wa Shah. Bandari ambayo babu zake waliitamani kwa vizazi vingi ilikuwa yake. Alimtuma mjumbe kwa Sultani Mustafa II kumpelekea funguo za mji, na mwaka 1701 Waosmani wakarudi Basra.